Wazo la kadi ya biashara litafute kwenye meza yako ya kazi

Ndugu fundi umeme, umeuliza upate wapi wazo la kadi yako ya biashara, kwa kuwa umepitia mifano mingi kwenye intaneti na yote unaiona inafanana. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na miaka michache iliyopita nilikwama hapo hapo. Ukianza na kadi za watu, utaishia kupata kadi ya mwenzio yenye jina lako; anza na vitu unavyovishika kila siku.

Kwangu kitu hicho kilikuwa kanga. Siku moja nilikuwa nimetandika doti mezani ili niipasue na kuipinda, nikajikuta nautazama mpangilio wake kwa mara ya kwanza, ingawa nimeshona kanga tangu nikiwa msichana. Pindo limezunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa kati, umekaa bila kubanwa, na jina, yaani maneno ya kanga, liko chini, juu kidogo ya pindo, kwa herufi kubwa zinazosomeka hata mvaaji akiwa ng'ambo ya barabara. Hati imebadilika, kutoka ya Kiarabu kwenye kanga za zamani hadi ya Kilatini, lakini jina halijahama mahali pake. Basi mpangilio ule nikautoa kwenye kitambaa cha takribani sentimita 150 kwa 110, nikautia kwenye karatasi ya milimita 85 kwa 55: pindo, mji wenye mchoro mmoja tu wa mkasi, na chini yake jina langu na namba ya simu.

Kadi 200 za kwanza ziliharibika. Nilikuwa nimechora pindo la milimita moja ukingoni kabisa, na mashine ya kukatia ikisogea hata kidogo, upande mmoja hubaki mnene na wa pili hutoweka. Siku hizi pindo langu lina milimita 5, na rangi yake inavuka mstari wa kukatia kwa milimita 3. Nyekundu nayo, iliyong'aa vizuri kwenye simu, ilitoka imefifia kama tofali, kwa sababu rangi ya kioo cha simu ni mwanga na ya karatasi ni wino. Kwa hiyo omba kadi moja ya majaribio kabla ya kulipia zote. Upande wa nyuma niliuacha mweupe bila laminesheni, maana ndipo ninapomwandikia mteja tarehe ya kuja kujaribu nguo, na wino wa kalamu haushiki kwenye plastiki.

Tukirudi kwako, ningekushauri uache balbu na radi, kwani ndiyo michoro anayoifikiria kila fundi umeme, ukaangalie waya zilizomo mkobani mwako. Kahawia wa moto, buluu wa nyutro, na kijani chenye njano wa ethi: mistari mitatu ya rangi hizo ikitoka ukingo wa kushoto na kuishia kwenye jina lako inatosha kabisa. Mkandarasi ataitambua mara moja, na mwenye nyumba asiyejua maana yake ataona kadi nadhifu.

Ninalokuomba ulizingatie kuliko yote ni namba ya simu. Wateja wangu huitoa kadi yangu mchana, wakiwa wametulia, lakini wako wataitafuta wakati nyumba imeingia giza, wakiimulika kwa tochi ya simu. Kwa hiyo namba iwe kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, kwenye karatasi isiyong'aa, ili mwanga usiwarudie machoni. Ichape kwanza kwenye karatasi ya kawaida kwa kipimo chake halisi, uikate kwa mkasi, kisha umpe mzee wa nyumbani kwenu usiku, taa zikiwa zimezimwa, aisome namba hiyo kwa sauti. Akisita kwenye tarakimu hata moja, ongeza ukubwa kabla hujaenda kwa mchapaji.