Fundi Anajibu: Kabati la ukutani chumba cha watoto, litundikwe au lisimame?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina watoto wawili, mmoja miaka 3 mwingine 6, wanalala chumba kimoja na humo ndani hakuna pa kukanyaga, midoli, vitabu, nguo, vyote viko sakafuni. Kuna ukuta mmoja uko wazi, upana sm 190 na dari iko sm 250. Nataka nitengeneze mwenyewe kabati la kujaza ukuta mzima, nimepanga nilitundike ili chini pabaki wazi iwe rahisi kufagia. Nitumie MDF au plaiwudi, na skrubu ngapi zinatosha kulishikilia? – Baba wa wawili

JIBU: Nzuri kabisa baba watoto, na hongera kwa kutaka kuwatengenezea wanao kwa mkono wako. Naanza na skrubu manake hapo ndo penye shida. Kabati la ukubwa huo usilitundike kabisa. Bodi nzima ya MDF (ile ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa na gundi) ya futi 8 kwa 4, unene mm 18, inakaribia kilo 40 na wewe utakula bodi 3 na kitu, kwahiyo kabati tupu tu limeshapita kilo 100, hapo hujaweka kitabu hata kimoja na vitabu ndo vizito kuliko vyote. Plaiwudi ni nyepesi kidogo, inashika skrubu vizuri zaidi pembeni na ikimwagikiwa maji haivimbi haraka kama MDF, ningekuwa mimi ningetumia plaiwudi kwa maboksi na MDF kwa milango tu sababu inapokea rangi vizuri.

Alafu kuna mzigo ambao watu hawauhesabu, nao ni mtoto mwenyewe. Huyo wa miaka 3 akiona mdoli uko juu hatakuita, rafu kwake ni ngazi. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 kuhusu makabati ya nguo kuangukia watoto, na vipimo vyake vinazingatia uzito wa mtoto wa mpaka kilo 27 hivi, manake ilishaonekana kwamba mtoto akivuta droo akapanda juu yake kabati linakuja naye. Kwahiyo lisimame sakafuni, uzito wote ubebwe na sakafu, na skrubu za ukutani zibaki na kazi moja tu ya kulizuia lisije mbele.

Sasa usitengeneze kitu kimoja kikubwa. Tengeneza maboksi matatu ya upana sm 62 kila moja, jumla sm 186, zile sm 4 zinazobaki unagawa huku na huku unaziba na vipande vyembamba vya mbao, manake ukuta ulionyooka kweli ni nadra sana na ukikata kabati liingie kamili utakuja kukwama. Faida nyingine ni rafu kuwa fupi. Rafu ukiirefusha mara mbili kwa mzigo uleule inapinda mara 8, sio mara 2, ndo maana unaona rafu za mita nzima zimelegea katikati baada ya muda, ila hizi zako za sm 58 hivi kwa ndani, plaiwudi ya mm 18 inazimudu.

Urefu nao uwe makini. Watu wanalaza kabati chini wanaliunga vizuri, wakilisimamisha linagonga dari. Kabati la sm 248 lenye kina cha sm 40, ukipima pembe mpaka pembe unapata sm 251, haliwezi kusimama chini ya dari ya sm 250 hata ufanyeje. Wewe tengeneza kitako cha mbao peke yake, kimo sm 8, kiweke ukutani, kipime na pima maji mpaka kilale sawa, pasipo sawa unachomeka kabari, alafu maboksi ya sm 235 yenye kina cha sm 35 unayainua moja moja juu yake. Kila boksi kabla gundi haijakauka pima pembe kwa pembe, vipimo viwili vikilingana liko mraba, visipolingana unalisukuma kidogo sasa hivi, kesho gundi ikishakauka milango haitakaa. Na hilo la kufagia halitakusumbua tena, kitako kimeziba chini vumbi haliingii.

Kufunga ukutani usipitishe skrubu kwenye ule mgongo mwembamba wa mm 6, utachanika. Weka kipande cha plaiwudi cha mm 18, upana sm 10, ndani ya boksi juu kabisa, kigundishe na kukiskrubu kwenye mbavu zote mbili, hicho ndo kinachofungwa ukutani. Kama ukuta ni wa tofali tumia skrubu za mm 80 na zile plagi za plastiki, mbili kila boksi. Plasta usiihesabu, haishiki kitu, kinachoshika ni tofali. Kama ni ukuta wa jipsamu tafuta nguzo za ndani ufunge hapo hapo. Na usitoboe juu ya soketi au swichi, mara nyingi waya umepanda wima hapo.

Kupanga vitu: wanavyochezea kila siku viwe rafu za chini bila milango, vizito chini kabisa, juu weka blanketi na nguo za msimu. Usiwaache na sababu ya kupanda. Vioo hapana.

SWALI: Shikamoo fundi. Tumemaliza kabati la MDF chumba cha mtoto, rangi tumepaka mbele tu, harufu kali mpaka macho yanawasha. Itaisha yenyewe? – Mama

JIBU: Marahaba mama. Kwa sasa mtoto alale chumba kingine, hilo kwanza. Hapo una harufu mbili. Ya rangi itapungua, ila ile ya gundi ya MDF ni gesi ya fomaldehaidi, inatoka taratibu kwa muda mrefu na joto na unyevu vinaiongeza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004, kwahiyo sio kitu cha kuvumilia. Inatoka zaidi pale palipobaki wazi, hasa kwenye kingo zilizokatwa, kwahiyo pakeni mgongoni, ndani, chini ya rafu, na kingo mara mbili mbili. Tumieni rangi ya maji ambayo mkebe wake umeandikwa haina madini ya risasi, watoto wanaguguna kingo. Alafu madirisha na milango ya kabati viwe wazi mchana kutwa, na kabla ya kununua bodi nyingine ulizeni daraja lake la kutoa gesi hiyo, iwe E1 au inayotoa kidogo zaidi ya hiyo.