Dawa ya kukojoa, potasiamu na mapigo ya moyo
Dada, mama anatumia furosemide na moyo wake unaruka mapigo, kwa hiyo daktari alifanya vizuri kuagiza kipimo cha potasiamu. Dawa hiyo hutoa maji pamoja na potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Pigo huanza sodiamu inapoingia ndani ya seli za moyo. Kalsiamu hufuata na kukaza msuli, kisha potasiamu hutoka ili seli itulie. Potasiamu ya damu (kawaida milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita) ikishuka, baadhi ya njia inazopitia kutoka huzorota, seli huchelewa kutulia, na mapigo ya ziada hujipenyeza. Ikipanda mno, njia za sodiamu ndizo hushindwa kufunguka, umeme husambaa polepole, na moyo unaweza kusimama kabisa. Kwa hiyo msimlishe ndizi mbivu, zenye potasiamu nyingi, kwa kukisia, hasa kama figo zina shida au anameza pia spironolactone, inayobakiza potasiamu mwilini. Wapime na magnesiamu, watu husahau hii: ikiwa chini, figo huendelea kumwaga potasiamu hata akipewa vidonge. Akizimia au kifua kikimbana, mpelekeni hospitali mara moja.