Koti la mtumba kwa mvua ya Rwenzori

Ndugu, umeuliza kama koti la kuteleza thelujini, la mtumba kutoka soko la Owino, Kampala, litakukinga mvua ya Rwenzori. Linaweza, ila kwanza ligeuze ndani nje. Kila mshono uwe umebandikwa utepe mwembamba; ukiubandua kwa ukucha kirahisi, au bitana ikipukutika vipande vyeupe, liache hapo hapo. Lililojazwa ndani kama mto wa kulalia nalo liache: likilowa linakuwa zito na usiku mmoja kambini halikauki. Chukua jepesi lenye zipu makwapani, maana mpando kutoka Nyakalengija, njia ya kupanda inapoanzia, unatoa jasho, na jasho linalowesha sawa na mvua.

Kwenye lebo tafuta 20,000 mm, kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia maji. La 5,000 hupenyeza mabegani, pale mikanda ya begi inapokandamiza.

Maji yakitanda juu ya kitambaa badala ya kuviringika, lifue kwa sabuni isiyo na kilainishi, suuza mara mbili, kisha pulizia dawa ya kuzuia maji. Suruali ya mvua ishushe nje ya gambuti, la sivyo maji yatatiririka hadi kwenye soksi. Na tafadhali, sweta ya kulalia ifunge kwenye mfuko wa plastiki.