Redio inayokoroma: anza na antena

Kaka, kabla hujauza redio ya hiyo Cessna 172 ukaweka mtambo wa kioo (skrini za kisasa badala ya saa za zamani) kwa sababu tu inakoroma, fungua antena kwanza. Ndege yako inalala nje hapa Mombasa, na chumvi haina adabu.

Yangu ilikoroma msimu mzima wa kusi. Fundi wa kwanza akasema redio imekufa. Wa pili akapanda juu na bisibisi, akainua antena: chini yake unga mweupe kama magadi, na kiungo cha waya kimegeuka kijani. Antena ile hutegemea bati la ndege kama nusu yake ya pili, kwa hiyo kutu ikiingia kati, basi. Tulisugua mpaka bati likang'aa, tukabadilisha kiungo, tukaziba kingo zote. Redio ileile kuukuu ikasikika kama muadhini wa alfajiri.

Kipimo kingine cha bure: injini ikiwa imezimwa, sikiliza. Kimya? Iwashe. Mlio ukipanda pamoja na mizunguko ya injini, zima alteneta (jenereta inayochaji betri) kidogo; ukikatika, mchawi ni alteneta. Ukibaki, tazama magneto, zinazozalisha cheche za injini, na waya za plagi.

Pesa ikibaki, mimi ningenunua kwanza kitoa-ishara cha dharura (ELT, kinachoita waokoaji ndege ikianguka) cha 406 MHz kama bado una kile cha 121.5 pekee. Setilaiti ziliacha kukisikiliza hicho cha 121.5 tangu 2009. Na chochote utakachofunga, injinia mwenye leseni atie sahihi kwenye logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za ndege, na uzito wa ndege upigwe hesabu upya.