Siku ya tano baada ya kupandikizwa meno ya taya zima

SWALI: Assalaam aleikum, Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 63. Alipandikizwa meno ya taya zima la chini huko Mombasa, kwa skrubu nne zilizofungiwa meno ya muda siku ile ile. Leo ni siku ya tano, nasi tumesharejea Lamu. Uso bado umevimba, kidevu kimegeuka manjano, usiku halali vizuri, na mdomo wake wa chini upande wa kulia una ganzi tangu siku ya upasuaji. Jirani ametuletea mafuta ya karafuu. Je, haya ni ya kawaida? (Msomaji, Langoni)

JIBU: Waaleikum salaam. Mpe Mama pole nyingi. Katika yote uliyoyaeleza, lililonishtua si maumivu wala uvimbe, bali ganzi ya mdomo, na ndiyo nitakayoanza nayo.

Ganzi ya sindano huisha kwa saa chache. Ikiendelea hadi siku ya tano, maana yake ni kwamba mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini na kutokea karibu na kidevu umeguswa, ama na uvimbe unaoubana, ama na skrubu yenyewe. Kwa hiyo mpigie simu leo hii daktari aliyemfanyia upasuaji, wala usingoje miadi ya kutoa nyuzi. Kabla ya kupiga, mwambie Mama afumbe macho, umpitishie kipande cha pamba taratibu kutoka shavuni kuelekea katikati ya mdomo, aseme ni wapi anapoacha kuhisi. Weka alama kwa kalamu kwenye mpaka huo, upige picha, umtumie daktari. Picha hiyo itamsaidia kujua kama eneo linapungua au linapanuka. Atahitaji eksirei, na ikionekana kwamba skrubu imeukandamiza mshipa, italazimu ilegezwe au itolewe mapema, kwa kuwa kila siku inayopita hupunguza matumaini ya hisia kurudi kikamilifu.

Ama maumivu, yatazame yanakoelekea kuliko ukali wake. Katika upasuaji huu ufizi hufunguliwa karibu taya lote na mfupa hutobolewa. Hauwezi kulinganishwa na kung'oa jino moja. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Rangi ya manjano kidevuni ni damu iliyoteremka chini ya ngozi, nayo itafifia. Kila jioni muulize maumivu ni mangapi kati ya 10, uandike. Yakipungua, hata kwa kujikokota, ni sawa. Yakiwa yalishatulia kisha yakapanda tena, pamoja na homa, usaha au harufu mbaya, shuku maambukizi. Uvimbe ukiingia chini ya ulimi, au akashindwa kumeza au kupumua vyema, usisubiri ushauri wa Mombasa: mkimbize Hospitali ya King Fahd hapo Lamu wakati huo huo.

Dawa anywe kwa saa, asingoje mpaka maumivu yamzidi. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima, parasetamoli ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe pia, lakini kwa umri wake asiinywe kabla daktari hajajua kama ana vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au figo, au kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dozi moja iangukie muda wa kulala, na alale ameinua kichwa kwa mito miwili. Mafuta ya karafuu yawekeni kando, maana huunguza kidonda kibichi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanafaa, ayazungushe polepole bila kusukutua kwa nguvu.

Chakula kiwe uji, bokoboko iliyolainika sana, au samaki aliyechambuliwa miiba. Tambuu na tumbaku asiguse kabisa.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wengi huambiwa kwa haraka wakiwa mlangoni. Yapata wiki ya tatu au ya nne, maumivu yatakuwa yamekwisha na Mama atatamani mhogo wa kukaanga. Hapo ndipo skrubu huwa dhaifu zaidi, kwa sababu mfupa wa zamani ulioibana siku ya kwanza unaliwa na mwili, na mfupa mpya bado haujakomaa. Tangu Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, ampandikizie mgonjwa wake wa kwanza skrubu za meno mwaka 1965, kanuni haijabadilika: titani, yaani metali ya skrubu hizo, hushikana na mfupa ikiachwa itulie, na ikitikiswatikiswa huzungukwa na nyama laini, ikalegea. Taya la chini huhitaji takriban miezi 3. Nakusihi umsimamie kwa hilo, hata akikasirika.

Akiitwa Mombasa kwa ajili ya ganzi, anaweza kusafiri. Ampe taarifa daktari kuhusu dawa zake zote, anywe ya maumivu kabla ya kupanda boti ya Mokowe, na achukue uji wake kwenye chupa ya chai, aunywe ukiwa umepoa.