Tulivyompata bibi wa mama mkwe wangu kwenye daftari la Wacherokee

Mkuu, umesema mkeo amekua akiambiwa kwamba mama wa bibi yake alikuwa Mcherokee, mtu wa kabila mojawapo la wenyeji wa Amerika, ndugu zake wamekimbilia kupima DNA, na wewe unauliza mnaanzia wapi. DNA iwekeni kando kwanza. Kipimo kinaweza kuonyesha asili ya wenyeji wa Amerika, lakini kabila hakitaji. Wacherokee wanachotaka ni vyeti vinavyounganisha kizazi kwa kizazi, kuanzia mzee aliyeandikwa kwenye daftari la zamani la kabila mpaka wewe.

Mimi nimeolewa Muskogee, Oklahoma. Mama mkwe wangu alikuwa na miaka 78 tulipoanza, na alichokuwa nacho mkononi ni jina la bibi yake tu. Tukachukua cheti chake cha kuzaliwa, kikatupeleka kwa mama yake, kisha tukapata cheti cha kifo cha bibi, ndani yake mna jina la baba mzazi. Hapo ndipo mlango ulifunguka. Miezi yote tulikuwa tunamtafuta kwa jina la mumewe, kumbe alipoandikishwa alikuwa binti wa miaka 14.

Daftari lenyewe ni la Tume ya Dawes. Liliandikwa kuanzia 1898 hadi 1906, serikali ya Marekani ilipokuwa inaigawa ardhi ya makabila vipande vipande, kabla Oklahoma haijawa jimbo mwaka 1907. Kila familia ina kadi. Tulipekua kadi za Wacherokee wa damu, yaani waliohesabiwa wana asili ya Kicherokee, bibi hayumo. Tulimkuta kwenye kadi za walioachwa huru, yaani waliokuwa watumwa na watoto wao. Wengi hawajui kwamba Wacherokee walimiliki watumwa weusi, na kwamba mkataba wa 1866 uliwapa watu hao na vizazi vyao uraia wa taifa la Cherokee. Kadi hizo hazina safu ya kiasi cha damu. Zina safu ya kusema ulikuwa mtumwa wa nani. Mbele ya jina la mama yake bibi, kwa wino, karani ameandika jina la bwana wake. Mama mkwe aliweka kidole juu ya jina lile, akanyamaza, na mimi sikuthubutu kufungua ukurasa mwingine.

Na baba wa bibi? Mcherokee. Yeye yumo kwenye daftari la damu, mtoto wake hayumo.

Mume wangu hili lilimchanganya sana. Mimi ni Mluguru, nililielewa upesi. Wacherokee wana koo saba na mtoto hufuata ukoo wa mama, kama kwetu Morogoro. Mama mtumwa hakuwa na ukoo, kwa hiyo mtoto wake hakuwa na pa kuingilia hata kama baba anajulikana kijiji kizima. Makarani wa Dawes nao waliangalia rangi. Inaniuma mpaka leo.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Cherokee iliyafuta maneno "kwa damu" kwenye katiba yao, yale yaliyowabagua wazao wa walioachwa huru. Mama mkwe akaomba uraia, akapewa.

Kama ukoo wa mkeo ulibaki milimani North Carolina, Dawes haiwahusu. Tafuteni daftari la Baker la 1924, la Wacherokee wa Mashariki. Na msiache maombi ya Guion Miller, ya 1906 hadi 1909, ambayo watu waliandika kudai fidia ya Wacherokee wa Mashariki kwa serikali ya Marekani. Yapo zaidi ya 45,000, na yaliyokataliwa nayo yamehifadhiwa. Mwombaji alitakiwa kutaja wazazi, babu na bibi, ndugu, hata wajomba na mashangazi. Ombi lililokataliwa laweza kukupa ukoo mzima.

Mkipata namba ya kadi ya Dawes, ombeni na faili lake, maana ndani mara nyingi mna mahojiano, swali na jibu. Majina ya daftari la Dawes yanatafutwa bure kwenye tovuti ya Oklahoma Historical Society.

Ila kwanza muulize mkeo: mwaka 1900 watu wa bibi yake walikuwa wanaishi wapi, na huyo mama alikuwa anatumia jina gani kabla hajaolewa? Ukipata majibu hayo mawili, rudi hapa tuendelee.