Rangi Ziache Mwisho, Anza na Mwanga

Picha nyingi za mandhari huharibikia kwenye kukoleza rangi wakati wa kuhariri. Mtu anaiona picha yake imepauka, anazipandisha rangi zote kwa mkupuo, na majani yanakuwa kama ya plastiki. Ushauri wangu ni kwamba usiguse ukolezi wa rangi kabla hujamalizana na mwanga.

Piga kwa faili ghafi (RAW), yaani data ya kamera kabla haijachakatwa. JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha lililobanwa, ina viwango 256 tu kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu, ilhali faili ghafi la biti 14 lina viwango 16,384. Utaiona tofauti siku utakayoinua vivuli au kurekebisha anga la machweo: kwenye JPEG, pale rangi ilipopaswa kufifia taratibu, hutokea michirizi.

Halafu kuna joto la rangi, yaani kipimo cha jinsi mwanga ulivyo wa manjano au wa buluu (namba ikipanda, ubuluu huongezeka), na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Jua la mchana ni takriban Kelvin 5,500. Kivulini, ambako mwanga unatoka kwenye anga la buluu, hufika 7,000 na zaidi. Kwa hiyo bonde la asubuhi lina mianga miwili ndani ya picha moja, na kamera huchagua mmoja. Mimi huuweka sawa upande wa jua, kisha ubuluu wa kivulini naupunguza kidogo tu, sehemu hiyo peke yake. Ukiufuta wote, picha inakuwa bapa. Milima ya mbali nayo iachie ubuluu na ufifi wake. Hewa iliyo katikati ndiyo inayoonyesha umbali, na ukiondoa utusitusi wote umeiondoa na safari yenyewe.

Kijani kinahitaji subira. Nyasi na majani vina manjano mengi kuliko tunavyodhani, hivyo mara nyingi kitelezi cha manjano kwenye programu ya kuhariri ndicho kinachovibadilisha. Isogeze kijani kidogo kuelekea manjano, punguza ukolezi wake, basi.

Kwenye machweo, tazama histogramu ya kila rangi, yaani grafu ya viwango vyake kutoka giza hadi mwanga. Nyekundu hujaa mapema, na ikishajaa, mawingu yanayozunguka jua hubaki doa moja la rangi lisilo na umbo.

Punguza pia mwangaza wa skrini: ikiwaka mno, utaitia picha giza bila kujua. Macho nayo huzoea chochote yanachotazama kwa muda mrefu, kwa hiyo iangalie tena kesho yake kabla ya kuihifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, na kuipeleka mtandaoni.